Bipu Mbili ni Mgeni

Nilinunua simu kwa sababu ya mstari mmoja kwenye fomu. Mdogo wangu wa kike anayenifuata alikuwa amemaliza kidato cha nne na alama nzuri, akaomba nafasi katika chuo cha uuguzi cha kanisa moja pale mjini, ambako kila mwaka wanafunzi wachache walisomeshwa bure. Fomu aliijaza mezani kwetu kwa ule mwandiko wake wa duara, mstari baada ya mstari, mpaka akafika palipoandikwa "namba ya simu". Akainua kalamu, akanitazama. Aliacha pengo, akaipeleka hivyo hivyo, na karani wa chuo akaishika kama mtu aliyepewa shati lisilo na mkono mmoja.

"Sasa tukikuhitaji tutakupataje?" alimwuliza. "Tupige filimbi?"

Alirudi na habari kwamba hakuteuliwa, ila ameandikwa wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Mmoja wa walioteuliwa akikosa kufika, ataitwa yeye, na kuitwa ni kwa simu. Asipopatikana, anaitwa anayemfuata.

"Basi nitanunua simu," nilisema.

Kitindamimba wetu, aliyekuwa na miaka kumi na moja, akapanda juu ya kitanda akaanza kuruka. Yeye hakuwa amesikia habari ya orodha. Alisikia neno moja tu.

Baba yetu alikuwa polisi. Yeye na mama walikuwa watu wa kaskazini, lakini wa makabila mawili yasiyosikilizana lugha, kwa hiyo walioana kwa Kiswahili na kutulea kwa Kiswahili, kile cha kambi ya polisi, ambacho mtaani Kasubi, hapa Kampala, watu wakikisikia wanadhani unawakamata. Walipofariki, mmoja nyuma ya mwingine, tulitoka kambini na magodoro yetu tukapanga vyumba viwili. Nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili. Nilivua sare Ijumaa, na Jumatatu nikaanza kazi Wandegeya, kwenye duka la kuchapa na kujalidi vitabu, karibu na chuo kikuu. Wanafunzi waliniletea kurasa zao za mwisho, zile za kupatia shahada, nami nazitoboa, nazishona, nazitia gundi, nazivisha jalada gumu jeusi lenye maandishi ya dhahabu. Sijui nimewavisha wasomi wangapi. Nilikuwa nasoma majina yao tu na ukurasa wa shukrani. Karibu wote humshukuru Mungu, halafu mama.

Msimu wa vitabu ulipopamba moto mwaka ule sikuenda nyumbani mapema hata siku moja, na ulipokwisha, bosi wangu alinisindikiza mwenyewe mjini kununua simu, kwa sababu alisema uso wangu ni wa mtu anayeuziwa boksi lenye kipande cha sabuni.

Haikuwa na sabuni. Ilikuwa na simu ya rangi ya bluu iliyokolea, ndogo kama kipande cha muhogo, imelala ndani ya nailoni yake na betri pembeni na chaja imefungwa kwa waya mwembamba. Nilimwomba muuzaji asiifungue. Akacheka, akasema lazima aijaribu. Alipobonyeza, vitufe vikawaka kijani kibichi vyote kwa pamoja, na nikahisi kama vimenitambua.

Ni lazima nieleze kwamba nyumbani kwetu hapakuwa na kitu kipya. Vitanda vilitoka kambini. Sufuria zilikuwa za mama. Viatu vyetu vilikuja vimeshajifunza kutembea kwa miguu ya watu wengine, na hata redio yetu tuliipata ikiwa na stesheni moja iliyokwama. Simu hii hakuna aliyewahi kuigusa kwenye sikio lake kabla yangu. Ile nailoni ya kwenye kioo sikuibandua kwa miezi minane. Iliinuka pembeni, ikaingia vumbi, ikawa lazima uinamishe simu ndipo usome, lakini ilibaki, na aliyethubutu kuishika kwa ukucha aliniona sura nyingine.

Shida ya kwanza ilikuwa kwamba hatukuwa na mtu wa kumpigia. Katika ukoo mzima, upande wa baba na upande wa mama, hapakuwa na simu hata moja. Kwa hiyo mara ya kwanza nilimpigia bosi wangu, ambaye alikuwa amesimama mbele yangu, upande wa pili wa mashine ya kukatia karatasi. Ilimlilia mfukoni. Akaitoa, akaitazama, akanitazama.

"Haloo?" akasema.

"Haloo bosi. Ni mimi."

"Uko wapi?"

"Niko hapa kazini."

"Vizuri. Endelea na kazi." Akakata. Nikafurahi siku nzima.

Nyumbani, kitindamimba ndiye aliyeingiza majina. Yalikuwa matatu. La kwanza bosi. La pili jirani yetu, mama mmoja Mkongomani aliyekimbia vita vya kwao mashariki na sasa anauza vitenge, mtaa mzima ukimwita Mama Vitenge. La tatu lilikuwa namba yetu wenyewe, ambayo aliihifadhi kwa jina la "Sisi".

"Ya nini?" nilimwuliza. "Huwezi kujipigia."

"Nimeshajaribu," alisema. "Tuko bize."

Jioni ya kwanza tulisikiliza milio yote iliyokuwamo ndani, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaochagua suti. Kulikuwa na wa nyuki, wa treni, wa kengele za kanisa, na mmoja ambao ulikuwa kama kuku anayefukuzwa. Mama Vitenge aligonga ukuta. "Papa!" aliniita, maana ndivyo wao wanavyowaita hata vijana, "ni watu gani hao wote wanakupigia siku moja?" Tukachagua wa treni. Kulikuwa na mchezo wa nyoka pia, ambao kitindamimba aliucheza mpaka akawa anaota nyoka, na kulikuwa na tochi kichwani mwa simu. Umeme ulipokatika, na ulikatika sana miaka ile, tuliikalisha simu wima ndani ya bilauri tupu, na chumba kizima kikapata mwanga wa kutosha mtu kutafuta sindano.

Nami nilinunua kifuko cha ngozi cha kuvaa kwenye mkanda. Sitasema uongo: nilianza kutembea huku mkono mmoja umeshika kiuno. Kwenye njia panda ya Wandegeya simu ya mtu mmoja ikilia, watu kumi na watano wanajigusa mifukoni, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa mmoja wao. Haikuwa yangu. Lakini ingeweza kuwa yangu, na hilo lilitosha kunifanya nivuke barabara kama mtu mwenye miadi.

Mdogo wangu wa kwanza hakucheza nyoka wala hakuchagua mlio. Siku ya pili aliiandika namba kwenye karatasi safi, akaenda nayo chuoni, akasimama mbele ya karani mpaka ile namba ikaandikwa kwenye lile pengo. Kisha akarudi, na kuanzia hapo kila jioni, nikishaingia tu na kabla hajanipokea mfuko, ananiuliza:

"Kaka, wamepiga?"

"Bado."

"Ilikuwa wazi lakini? Haikuzima?"

"Haikuzima."

Anapokea mfuko, anaenda kupuliza mkaa. Tangu baba alipougua, yeye ndiye alikuwa anamgawia vidonge, akiwa mtoto wa darasa la tano, akiviandika saa zake kwa chaki nyuma ya mlango. Hakuwahi kutaja kazi nyingine. Kwenye familia zenye wazazi mtoto anaweza kuota vitu viwili au vitatu. Yeye alikuwa na hicho kimoja, na sasa kilikuwa ndani ya simu yangu.

Ninapaswa kueleza habari ya bipu, kwa sababu ndiyo iliyotuponza. Kupiga simu kuligharimu, lakini kuita mara moja na kukata kabla hajapokea hakukugharimu chochote, na Kampala nzima iliishi kwa huo mwanya. Mwenye shida alikubipu, nawe mwenye uwezo ukapiga. Wenye utani walijaribu kuidaka bipu, yaani kupokea haraka kabla hujakata, ili salio lako liende, na ukidakwa unapiga kelele kama umeibiwa. Hata usiyemjua barabarani ungeweza kumwambia, "Ndugu, naomba nibipu tu," na akakupa simu yake bila kukuangalia mara mbili, kwa kuwa haimpunguzii kitu.

Kitindamimba akatuundia utaratibu. Aliuandika kwenye kipande cha boksi na kukitundika juu ya meza. Bipu moja: nimefika salama. Bipu mbili: nakuja na mgeni. Bipu tatu: kuna shida, piga. Mdogo wangu wa kwanza alikuwa akienda Bugolobi siku mbili kwa wiki, kwenye fleti ya familia moja, kufua na kupiga pasi wakati anasubiri. Akifika anamwomba mlinzi wa getini simu, ananibipu. Mlinzi akiwa hayupo anamwomba yeyote anayepita. Kwa hiyo namba zilizotubipu zilikuwa ngeni kila mara, na namba ngeni kwetu ilikuwa na maana moja tu: ni yeye. Niliona namba nisiyoijua kwenye kioo, nikatabasamu, nikaendelea kushona kitabu. Ilikuwa kama mtu anayekugonga begani akipita. Sikuwahi kupiga kuuliza, maana kupiga kungeharibu utamu wote wa jambo lenyewe, ambao ni bure.

Simu ya chuo tulijua itakavyokuwa. Italia treni mpaka mwisho, na nikipokea kutakuwa na sauti nzito inayosema Kiingereza.

Wiki zikapita. Muhula ulikuwa karibu kuanza. Mdogo wangu akaacha kuuliza kwa maneno, akawa ananitazama tu mfukoni.

Alhamisi moja, saa tano asubuhi, nilikuwa na gundi mpaka kwenye viwiko wakati simu ilipoita mara moja ikanyamaza. Namba ngeni. Leo kachelewa, nikawaza, maana kwa kawaida hufika Bugolobi saa tatu. Lakini kafika. Nikaendelea.

Saa nane mchana ikaita tena mara moja. Kabla sijafuta mikono ikaita ya pili.

Nilisimama. Bipu mbili hazijawahi kutumika hata siku moja. Kitindamimba aliziweka tu ili orodha yake ijae. Nilitazama namba: ile ile ya asubuhi. Mdogo wangu, ambaye hakuwa na rafiki anayemleta nyumbani, anakuja na mgeni, na ameona inafaa anitangazie.

Nilimwambia bosi kwamba kuna mgeni nyumbani.

"Mgeni gani?"

"Sijui. Dada yangu anakuja naye."

Bosi aliweka chini kikombe chake. Alikuwa na mabinti watatu. "Dada yako ana miaka mingapi sasa?"

"Kumi na tisa."

"Kijana," alisema, "nenda nyumbani. Vaa shati la mikono mirefu. Na usicheke cheke."

Njiani ndipo nilipoelewa alichokuwa anasema. Baba hayupo. Mjomba hayupo. Mtu akija kuketi na kusema alichokujia, atakisema kwangu. Nilipitia buchani nikanunua nyama, kilo mbili, kitu ambacho kwetu kilitokea Krismasi. Muuza nyama alinipimia vizuri, akaniita bwana kwa Kiganda, akauliza, "Sebo, unaoa?" Nikasema hapana. Sikuwa na hakika kama nilikuwa namdanganya.

Kitindamimba alinipokea mlangoni. "Mbili?" alisema. "Umehesabu vizuri? Mbili kabisa?" Nilipomwonyesha alikimbilia ukutani akagonga kwa ngumi zote mbili. "Mama Vitenge! Tumepata shemeji!"

Mama Vitenge alifika akiwa amebeba viti viwili, kimoja kila mkono. Alichungulia sufuria yangu, akachukua mwiko, akanisukuma kando kwa kiuno.

"Papa, hii unapikia mgonjwa? Lete kitunguu. Lete tena. Mwanaume akikula muzuri leo, kesho analeta ng'ombe mingi."

"Mama, hatujui kama ni mwanaume."

"Atakuwa nani? Mwalimu wa dini? Mutoto ametoka asubuhi amejipaka mafuta, nilimwona. Alipaka mpaka kwenye kiwiko! Mutu anapaka kiwiko kwa ajili ya pasi?"

Kitindamimba alicheka hadi akakaa chini. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, "Kaka, akiolewa, chuo je?"

Hilo nilikuwa nimeliwaza tangu buchani. Nilimwambia akatafute bilauri nzima. Lakini nakumbuka nilivyosimama pale nikifunga vifungo vya mikono, harufu ya nyama ikijaa nyumba, jirani akiimba kwa lugha yake, meza imetandikwa kitenge kipya cha kuazima chenye ndege wa manjano, nami nikijiambia maneno nitakayomjibu huyo bwana: kwamba tumekusikia, kwamba wewe ni mtu wa heshima, lakini huyu binti anasubiri simu, na mpaka itakapolia hatuna jibu lingine. Niliyarudia mpaka yakawa laini. Nilijisikia mzee, na kwa namna fulani nilifurahi.

Saa kumi na mbili kasoro, jua likiwa bado juu ya paa za jirani, tulimwona anapanda njia. Peke yake. Ana mfuko wa plastiki mkononi na kandambili miguuni.

Tulikuwa tumesimama mlangoni watatu, kwa mpangilio wa urefu. Alipunguza mwendo.

"Nani amekufa?" alisema.

"Mgeni yuko wapi?" kitindamimba akauliza.

"Mgeni gani?"

"Wako! Umemficha nyuma ya choo?"

Mama Vitenge alichungulia njiani kulia na kushoto, akamgeukia mdogo wangu. "Mama, usimwonee haya. Mwambie apite. Chakula iko tayari."

Mdogo wangu aliona meza, kitenge, viti, akaniona mimi na shati la mikono mirefu. "Kaka, kuna nini hapa?"

"Umebipu mara mbili," nilisema. "Saa nane."

"Mimi? Sijabipu leo. Mlinzi hakuwapo, mvua ilikuwa inanyesha kule, nikasema nitakuambia nimefika nikirudi."

"Na saa tano?"

"Sijabipu kabisa."

Nilitoa simu. Tukaiinamisha wote chini ya nailoni yake chafu. Namba moja, mara tatu. Niliona rangi ikimtoka mdogo wangu usoni, taratibu, tangu kwenye paji.

"Chuo hakiwezi kubipu," nilisema.

"Karani ni mtu," alisema. "Kwani yeye salio anapewa na nani?"

Nilipiga pale pale. Sauti ya mwanamke wa kwenye mashine ikaniambia sina salio la kutosha. Kitindamimba alikwishatoka mbio hata kabla sijaitoa simu sikioni. Alirudi na kadi ya salio, ile ya kukwangua namba, akihema. Niliweka kadi mezani, juu ya ndege wa manjano, nikachukua kisu, na kwa mikono ile ile inayoshona kurasa mia tatu bila kupinda hata uzi mmoja, nikakwangua kwa nguvu mpaka nikaondoa na tarakimu.

"Kaka!" walipiga kelele wote wawili.

Tarakimu ya tisa ilikuwa imebaki mkia tu. Mdogo wangu aliinua kadi, akaielekeza mlangoni penye mwanga. "Ni tatu au nane," alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia, na ilikuwa kama namsikia akiwa mtoto, ana chaki mkononi. "Anza na tatu."

Tatu ilikataliwa. Mama Vitenge alikuwa ameshika msalaba wake shingoni, na mwiko mkono wa pili.

Nane ikakubali.

Iliita muda mrefu. Kisha mwanamke akapokea, na nyuma yake nikasikia watoto na sauti ya sahani. Alikuwa nyumbani kwake. Nilimsalimia kwa Kiganda, kwa heshima zote nilizokuwa nazo, nikimwita nyabo, yaani bibi, nikasema nimeona namba yake.

"Umeiona sasa?" alisema. "Sebo, nimewabipu tangu asubuhi! Nimebipu saa tano, kimya. Nikabipu mara mbili, kimya. Nikasema labda hawa hawana simu, wameandika namba ya kanisa. Mlinunua simu ya kutazama?"

"Tunaomba radhi, nyabo. Tulidhani ni mgeni."

"Mgeni gani?"

"Ni hadithi ndefu."

"Basi isikilizeni hii fupi. Msichana mmoja amepata nafasi Kenya, hatakuja. Dada yako awe mbele ya meza yangu kesho saa tatu asubuhi, ana vyeti vyake halisi na mzazi wake. Ikifika saa tatu na dakika moja nampigia anayefuata. Jina lake liko hapa."

"Unampigia?" nilisema. Sijui kwa nini niliuliza.

Halafu yule mama akaanza kucheka. "Nambipu," alisema. "Lakini huyo atapiga!"

Nilipokata, walikuwa wananitazama wote watatu. Nilitaka kusema kwa utaratibu, kama baba alivyosoma barua za kazini, lakini yalitoka maneno machache tu. "Kesho," nilisema. "Saa tatu."

Mdogo wangu alikaa kwenye kiti cha mgeni. Alifunika uso kwa mikono, na tukadhani analia, mpaka mabega yalipoanza kutikisika kwa namna tuliyoijua, na kicheko kikamtoka kikubwa ambacho hatukuwa tumekisikia tangu kambini. Kitindamimba akamrukia. Mama Vitenge alipiga vigelegele vya kwao, virefu, na mtaa ukafungua madirisha kuuliza nani ameolewa. "Muuguzi!" aliwajibu. "Tumeoza muuguzi!" Watu wakaja. Zile kilo mbili za nyama hazikutosha, ikabidi kila aliyeingia apate mchuzi na kipande kimoja, na hakuna aliyelalamika. Mwenye nyumba mwenyewe alikula amesimama.

Kesho yake saa moja na nusu tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya ofisi, watatu, mlango ukiwa bado umefungwa. Karani alikuja saa mbili na dakika arobaini, mwanamke mnene mwenye mkoba mweupe, akatutazama kutoka juu mpaka chini.

"Ninyi ndio wa mgeni?" alisema.

Ndani aliangalia vyeti, akavigeuza, akaviangalia tena. Kisha akanyoosha fomu. "Mzazi asaini hapa. Yuko wapi?"

"Ni huyu," mdogo wangu alisema, bila kunitazama.

"Huyu ni kijana."

"Ndiye aliyetulea."

Karani alinikodolea macho kwa muda. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na gundi kavu kwenye kucha. Alikaa, akaniwekea kidole chake kwenye mstari, nikasaini polepole, jina lote.

Walimpeleka chumba cha pili kumpima sare. Tulingoja koridoni. Alipotoka alikuwa amevaa gauni jeupe lililomzidi, pini zimechomwa ubavuni, na kofia iliyokaa upande mmoja. Hakujua aweke mikono wapi. Alitembea kuelekea kwetu hatua tano au sita, viatu vya chuo vikigonga sakafu, akasimama, akaunyoosha mgongo.

"Haya," alisema kwa sauti ya kazi. "Nani mgonjwa hapa?"

Kitindamimba aliinua mkono.

"Unaumwa nini?"

"Kila mahali."

Mdogo wangu aliinama, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akafumba macho kuhesabu kitu ambacho bado hakuwa amefundishwa. Karani alichungulia mlangoni kutuambia pale si mahali pa michezo, akaona, akarudi ndani.